Saa Nne, Ukweli Hamna

Jamani, nimechoka kuitwa mchelewaji, tena na watu wa Cork! Angeniambia Mjerumani ningenyamaza, ningesema haya, ana haki yake. Lakini hapa kusini mwa Ireland riziki iliponitupa, mji mzima unaishi chini ya saa inayodanganya tangu mwaka 1847, na wanaidekeza kama kitinda mimba.

Iko kwenye mnara wa kanisa la Mtakatifu Anna, kilimani Shandon. Mnara wenyewe ni kituko: pande mbili mawe mekundu, pande mbili meupe, na kileleni, mahali ambapo makanisa ya watu huweka jogoo, wao wamesimamisha samaki wa dhahabu. Saa ina nyuso nne na kila uso una lake. Huku ni na robo, zunguka nyuma uone ni na dakika kumi na nane. Wenyewe wanaiita Mwongo Mwenye Nyuso Nne. Ukiuliza imekuwaje, wanasingizia upepo, eti unasukuma mishale. Upepo! Jumanne msimamizi wangu kanigongea kidole kwenye saa yake ya mkononi: "Dakika saba." Nikamwambia bosi, mimi nimetazama upande mwekundu. Hakucheka. Siku nyingine wanacheka mpaka na mvua.

Na mimi nina uso wa tano kichwani. Mama akipiga simu kutoka Tanga akauliza huko saa ngapi, naanza hesabu: nageuza saa ya huku iwe ya Kiswahili, halafu nikumbuke tofauti ni masaa mawili au matatu, maana kila mwaka hawa wanasogeza saa mbele na kuirudisha. Nikimaliza hesabu, Mama ameshakata.

Afadhali saa, kuliko kuulizia njia. Wiki yangu ya kwanza nilimuuliza mzee mmoja duka la dawa liko wapi. Akanijibu: "Pana, boi." Moyo ukaruka! Mswahili mwenzangu! Nikatazama barabara, kweli pana. Nikamwambia naam mzee, naona ni pana, lakini inaitwaje? "Pana." Tulikwenda hivyo kama dakika tano, kila mtu akimwona mwenzake punguani. Kumbe ndilo jina wanaloupa Mtaa wa Patrick, na kwenye ramani halimo. Hiyo "boi" nayo usikasirike, wanaitana hivyo hata wenye miaka themanini.

Akanielekeza: nenda mpaka Sanamu, kisha rudi nyuma kidogo, upite Roches Stores. Sanamu nikaiona. Ni ya Padri Mathew, aliyeanzisha kampeni ya kuacha pombe mjini hapa mwaka 1838, watu wakala kiapo kwa mamilioni. Walimsimamisha pale mwaka 1864, na sasa Jumamosi usiku vijana waliolewa chakari wanakutana miguuni pake kupanga waende baa gani. Roches Stores ndiyo sikuiona. Nikapanda, nikashuka, nikalowa mpaka soksi. Baadaye ndipo nikaambiwa duka liliuzwa mwaka 2006! Lililokuja baada yake nalo limeshakufa, lakini watu wa Cork bado wanakata kona hapo kana kwamba mlango uko wazi.

Nilipomrudia mzee kulalamika, akaniambia hapo ninaponung'unikia penyewe palikuwa mto. Karne ya 18 mashua zilikuwa zinafunga gati Pana, ndipo wakaufunika. Basi nikaelewa kwa nini mvua ikizidi na bahari ikijaa, maji yanaingia madukani bila hodi. Yanarudi kwao tu, yamekuta wapangaji.

Sasa sikiliza balaa. Jana niko juu ya daraja la Patrick, dada mmoja na sanduku lake la magurudumu akaniuliza njia. Kabla sijajishika, mdomo ukatoka: "Shika Pana, ukishapita Roches Stores..." Mimi! Nisiyewahi kununua hata leso humo! Yule dada akatazama simu yake, akanitazama mimi, akaona bora aniulize kitu chepesi: saa ngapi? Nikainua macho Shandon. Pale darajani unaziona pande mbili kwa mpigo.

Nikamwambia, "Dada, unataka ya mwekundu au ya mweupe?"