Mirihi kubwa kama Mwezi: wa kuchekwa ni nani hapa?

Agosti ikifika ile meseji inarudi kwenye magrupu, eti usiku wa tarehe 27 sayari ya Mirihi (Mars) itakuwa kubwa kama Mwezi, tutakuwa na miezi miwili angani, halafu wajuzi wa nyota wanaanza kuwacheka walioifowadi. Mi naona wanawaonea.

Meseji yenyewe haikuanza kama uongo. Tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi ilisogea hadi kilomita milioni 55.76 hivi kutoka kwetu, ukaribu ambao haukuwahi kutokea kwa karibu miaka 60,000. Imeli iliyozunguka kipindi kile ilisema ukiitazama kwa darubini inayokuza mara 75, utaiona kubwa kama Mwezi unavyoonekana kwa macho matupu. Kweli tupu! Sasa watu wakawa wanakopi na kupesti, darubini ikadondoka njiani, mwaka nao ukadondoka, ukabaki Mwezi.

Hiyo 75 hainitoki kichwani. Hata usiku ule wenyewe ungehitaji kupanga Mirihi zaidi ya 70 kwenye mstari ndo zivuke upana wa Mwezi mpevu mmoja, na ili hiyo moja ilingane na Mwezi kwa macho ingebidi iwe kilomita kama 750,000 tu kutoka hapa, na kwa uzito wake ingevuta bahari kupita hata Mwezi kidogo. Bamvua la siku hiyo sijui nani angebaki ufukweni kupiga picha.

Wanaokereka wana hoja, aliyedanganywa mara tatu siku ya tukio la kweli hatoki nje. Tena Mirihi hutukaribia kila baada ya miezi 26 hivi, kwa hiyo kuna Agosti iko nyuma ya Jua huko, haionekani kabisa.

Ila hata wakubwa walidondosha neno njiani. Mwaka 1877 mnajimu Mwitaliano Schiaparelli, akieleza mistari aliyoiona Mirihi, aliandika "canali", neno la Kiitaliano, inaweza kuwa mikondo ya asili tu, wengine wakaisoma mifereji ya kuchimbwa, na Mmarekani Percival Lowell akajenga kituo cha darubini Flagstaff, Arizona, mwaka 1894 akawa anaichora mifereji isiyokuwepo miaka na miaka. Na darubini anayo! Kituo hichohicho ndicho kilichokuja kugundua Pluto mwaka 1930.

Sasa huyu wa grupu kaamka usiku wa manane, kasimama nje shingo juu anatafuta mwezi wa pili. Mwonyeshe kile kidoa chekundu kisichometameta kama nyota, na kama Mirihi haipo mgeuzie kwenye Zohali, ile sayari yenye pete.