Bahari kwa nukta: inapofaa na inapokwama

Wapo wachoraji wanaoshikilia kwamba pwani haina mtindo unaoifaa kuliko pointilizimu, yaani kujenga picha kwa nukta za rangi zisizochanganywa. Wana ushahidi. Georges Seurat, mwasisi wa mtindo huo, alianza kuchora pwani ya kaskazini mwa Ufaransa mwaka 1885 huko Grandcamp, akamalizia Gravelines mwaka 1890. Mwenzake Paul Signac, mpenzi mkubwa wa mashua, alihamia Saint-Tropez mwaka 1892. Maji tulivu yana buluu, kijani na zambarau kwa pamoja, na nukta huziacha zote zionekane.

Ila dai kwamba nukta huongeza mwanga limetiwa chumvi. Jicho likiziunganisha kwa mbali hupata wastani wa mwanga wake, basi. Weka nukta ndogo mno za buluu kando ya za rangi ya chungwa, kisha rudi nyuma hatua kadhaa: bahari imegeuka kijivu. Kilicho kweli ni kile alichoeleza mkemia Chevreul mwaka 1839, kwamba rangi mbili zinazokinzana, kama buluu na chungwa, zikikaa jirani, kila moja huikoleza nyingine. Lakini lazima jicho liweze kuzitofautisha. Si ajabu Signac na Henri-Edmond Cross baadaye walipanua nukta zao zikawa kama vipande vya mozaiki.

Wapinzani wana hoja nzito zaidi: mwendo. Camille Pissarro aliufuata mtindo huu miaka michache tu, akauacha kwa kuona unamfunga mkono. Namwelewa. Wimbi linalovunjika lina uzito na mwelekeo, na nukta huligandisha. Bahari za Seurat, ukizitazama vizuri, nyingi zimetulia.

Rangi za mafuta nazo zina masharti yake. Hukauka polepole, na nukta mbichi ikigusa nukta mbichi, zote huchafuka. Tabaka la chini lisubiriwe likauke, brashi ifutwe kila unapobadili rangi. Asiye na subira hiyo atapata tope.

Kwangu mimi, nukta zibaki angani na kwenye maji ya mbali, povu na miamba vipakwe kwa mipigo ya brashi inayofuata maumbo yake. Watakaosema huo si pointilizimu halisi waitazame Le Bec du Hoc, picha ya Seurat ya jabali la pwani, ya mwaka 1885: nukta na mipigo mifupi vimekaa pamoja kwenye jabali lile lile.