Chura Apigwe Picha, Mimi Nishike Tochi

Mvua ya Mombasa haina adabu. Ikikawia tunaiombea dua. Ikija inaingia mpaka chini ya kitanda bila hodi. Huku kwetu Mtopanga inyeshe usiku mmoja tu, asubuhi mtaa ushakuwa bahari, stima imepotea, na mferejini, hapo ndipo utakapocheka, hakutoki hata tone. Maji yamenifika magotini na bado namngoja mwenye mkokoteni aniletee mitungi. Naye kapandisha bei. Namuuliza kwa nini, ananiambia njia ina maji.

Katika dhiki zote hizo wanaosherehekea ni vyura. Wamelikalia lile shimo lililochimbwa barabarani likasahauliwa, na wanaimba tangu Isha hadi alfajiri. Wahenga walisema kelele za vyura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Sawa, lakini ng'ombe haamki saa kumi na moja kuwahi abiria. Mimi ni dereva wa Probox. Nikilala vibaya, barabara nzima inajua.

Juu ya hayo nimeletewa mpwa. Kijana wa dada yangu huyo, anasoma mambo ya wanyama chuo kikuu, kaja likizo na kamera ambayo ukiiona utadhani anapiga arusi za wakubwa. Wapi! Anapiga vyura.

Nilidhani hawa wa shimoni watamtosha, tena wako bure, mlangoni. "Hawa wa kawaida, mjomba. Hata Nairobi wako." Yeye anawataka wa jangwani. Jangwa gani? Taru. Yaani kule ambako wapagazi wa misafara ya zamani, wakitoka hapa Mombasa, walikuwa wakiomba Mungu wazifikie ngurunga, yale mashimo ya mawe yanayoshika maji ya mvua, kabla kiu haijawamaliza. Mimi niende kwa hiari yangu, usiku, kwa petroli ya bei hii!

Akaanza kunisomesha. Ati huko chura hujifukia ardhini kiangazi kizima, hali, hanywi, anangoja tu. Mvua kubwa ikipiga anaibuka, kwa sababu dimbwi la nyika halikai, na asipooa upesi jua litalinywa lote. Kwa hiyo hakuna kungoja kupambazuke wala mvua ianuke. Ni usiku huohuo wa mvua. Mke wangu akadakia, "Mpeleke mtoto, hiyo ni elimu." Mtoto mwenyewe ana ndevu kunishinda.

Basi tukatoka. Miritini foleni, Mazeras ukungu, Mariakani malori yamejipanga kungoja mizani kana kwamba hakuna anayetaka kufika kwake. Mbele kidogo tukasimamishwa na askari.

"Mzee, mnakwenda wapi saa hizi?"

"Taru, afande."

"Kuna nini Taru?"

Nikanyamaza kidogo, natafuta uongo wa heshima. Mpwa wangu akatoa kichwa dirishani: "Tunakwenda kupiga picha vyura!"

Afande akatumulika usoni, mmoja mmoja. Akafungua buti, akakuta viatu vya mpira, mwavuli na karatasi nyeupe. Miaka yangu yote barabarani nimeshikwa kwa tairi, nimeshikwa kwa taa, nimeshikwa kwa kioo, na sijaonewa huruma hata siku moja. Usiku ule nilionewa. "Nenda tu, mzee wangu," akasema. "Mungu atakufanyia wepesi."

Tulipofika nikatoa dawa ya mbu nijipake. Mpwa akanirukia mkono. Haramu! Chura hunywa maji kwa ngozi, hana haja ya mdomo, na chochote kilicho mkononi mwako ukimgusa kinamwingia. Nikamwambia mimi sina nia ya kumgusa chura wa mtu. Akasema huenda ikabidi. Kwa hiyo mbu wa Taru, ambao nadhani nao walikuwa wamefunga kiangazi kizima, walinifuturia mimi.

"Na ndovu je? Si Tsavo ni hapo tu?"

"Wapo, mjomba, lakini wako mbali."

Mbali na nani? Kijana hakufafanua.

Kumtafuta chura kuna kanuni zake. Mnasimama mbalimbali, taa mmezima, mnasikiliza. Kisha kila mmoja ananyoosha kidole kule anakosikia sauti, na pale vidole vinapokutana ndipo chura alipo. Maneno mazuri kabisa. Nikanyoosha changu. Mpwa akanyoosha chake. Tochi ilipowashwa nikakuta mimi namwonyesha yeye, na yeye ananionyesha mimi, na chura yuko katikati, kanyamaza kimya.

Haya, nilimwona. Anaenea kiganjani, ngozi kavu ya vipele, jicho la dhahabu na mboni yake imelala. Tukatulia. Baada ya muda akajisahau, koo likajaa hewa likavimba mpaka likakaribia kumzidi mwenyewe, akaachia sauti ambayo ingalikuwa ya binadamu ningalimpeleka kwa mzee wa mtaa. Pembeni mwenzake alikuwa keshapanda mgongoni mwa mkewe, na nyuma yao uzi mrefu wa mayai meusi umetandazika majini kama shanga. Siku yake ya arusi, kwa ufupi, na sisi tumemsimamia na tochi.

Mpwa akajilaza kifudifudi kwenye tope, shati nyeupe na yote. Chura lazima apigwe usawa wa macho. Ukimpiga kutoka juu unamdharau. Taa ya kamera nayo akaizibia karatasi ili ngozi isimetemete. "Mjomba, usitikise tochi. Mjomba, ushushe kidogo. Mjomba, usipumue hapo." Hapo ndipo roho iliponiuma. Nilipopigwa picha ya kitambulisho, yule kijana hata kwenye kiti hakuinuka. Mpaka leo nimetoka na sura ya mtu anayetafutwa.

Na tukitaja kitambulisho: chura ambaye mpwa alimfungia safari anaitwa kitaalamu Sclerophrys xeros. Wataalamu walipompa jina mwaka 1976 alikuwa Bufo. Mwaka 2006 wakambadilisha, akawa Amietophrynus. Mwaka 2016 wakambadilisha tena. Majina matatu, na hakuapa kwa wakili, hakuulizwa cheti cha babake! Changu kimekosewa herufi moja tu, na kila nikienda naambiwa nirudi na karatasi ambayo anayo mtu aliyekwenda likizo.

Na kama ni yeye tuliyemwona? "Nitaangalia vizuri kwenye kompyuta, mjomba." Ndiyo. Tulikwenda mpaka Taru ili tukaangalie kompyuta Mtopanga.

Njiani kurudi hakulala, na mimi hakunipa nafasi ya kusinzia, afadhali maana niko usukani. Ati Marekani, katika jangwa la Sonora, kuna chura ana sumu nyuma ya macho inayomfanya mtu aone yasiyokuwepo, na mwaka 2022 idara yao ya hifadhi za taifa ikalazimika kuwaomba wananchi waache kulamba vyura. Nimekaa na jambo hilo. Serikali nzima imeketi, imeandika, imetoa tangazo: tafadhali, msilambe. Siku hizi nikisikia mtu barazani anasema wenzetu wameendelea, namwachia kahawa yake.

Jangwa hilohilo lina chura mwingine anayeweza kulala ardhini miezi 8, miezi 10, na mvua ikishanyesha, tangu yai mpaka kichura chenye miguu huweza kuwa siku 8 hivi. Siku nane! Mkia umekwisha, katoka majini, anakwenda kujitafutia. Mimi nina kijana nyumbani ana miaka 27, na mkia bado anao.

Picha zenyewe, haki ya Mungu, ni nzuri. Mke wangu kazipenda hata akaichukua ile ya koo lililovimba akaiweka kwenye uso wa simu yake, pale palipokuwa na yetu ya arusi. Namuuliza mbona kanitoa, ananiambia huyu angalau anatazama kamera.

Na mpwa anasema haijaisha. Yale mayai yataangua, viluwiluwi navyo vyataka picha kabla dimbwi halijakauka, na anaona wingu zuri upande wa Mazeras. Nimemjibu gari lipo, dereva yupo, ila safari hii petroli ainunue chura.