Nirvana si pepo, ni jiko lililokosa makaa

Nairobi neno nirvana utalikuta kwenye chupa za mafuta ya kukanda, na ukiuliza maana yake utaambiwa ni pepo ya Wabuddha. Kosa linaanzia hapo. Pepo ni mahali pa kwenda. Nirvana, au nibbana kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabuddha, ni kuzimika.

Kinachozimika ni mioto mitatu: tamaa, chuki na upumbavu wa kutoona mambo yalivyo. Kipali kina neno upadana, lenye maana ya kung'ang'ania na pia ya kuni zinazolisha moto. Kwa hiyo jiko la makaa linaeleza jambo hili vizuri kuliko mahubiri marefu. Si lazima ulimwagie maji. Acha tu kuongeza makaa. Yaliyomo yatavaa jivu jeupe, kisha yatapoa yenyewe, ingawa bati la jiko litaendelea kuunguza vidole kwa muda. Kwa mapokeo, Buddha aliifikia hali hiyo ya kuzimika kule Bodh Gaya, India, akiwa na miaka 35, kisha akafundisha miaka 45, akizeeka na kuugua mgongo kama mzee yeyote. Hiyo ni nirvana yenye masalio: mioto imezimika, lakini mwili bado upo, kama lile bati la jiko. Isiyo na masalio ilikuja alipofariki Kushinagar, na miaka yake 80.

Alienda wapi? Msafiri mmoja, Vacchagotta, aliwahi kumuuliza swali kama hilo kuhusu mtu aliyekombolewa. Akajibiwa kwa swali: moto ukizimika mbele yako, umeelekea mashariki au magharibi? Sisi husema stima imepotea, lakini sijaona mtu akitoka na tochi kuitafuta barabarani.

Wengine hukimbilia upande wa pili na kusema basi nirvana ni kufa ganzi. Nao wamekosea: chuki ikizimika, huruma haizimiki nayo.

Linalobaki ni lile swali la wabishi: kuitaka nirvana si tamaa pia? Unnabha, Brahmani (mtu wa tabaka la makuhani wa India), alimbana nalo Ananda, mwanafunzi wa Buddha, katika bustani ya Ghosita kule Kosambi. Ananda akamuuliza: kabla hujaja hapa, hukuwa na hamu ya kufika bustanini? Alikuwa nayo. Na sasa umefika, hamu hiyo iko wapi? Ni sawa na mtu wa Kawangware anayegombania matatu ya kwenda tao. Akishashuka, hana haja tena ya kugombania kiti.