Mgogoro wa Kiwanja ni Mgogoro wa Jioni

Sijawahi kusikia mitaa miwili ikigombania kiwanja saa nne asubuhi ya Jumanne. Muda huo kiwanja kiko kitupu, unaweza kupiga mpira kutoka goli hadi goli usikutane na mtu. Vurugu huanza watu wakishatoka kazini na shuleni, jua likielekea kuzama. Hapo ndipo wanaokaa upande wa pili wa barabara wanapogeuka "wale wageni", na mwenye ufunguo wa geti anakuwa mtu mkubwa kuliko kocha.

Ndiyo maana siridhiki nikiambiwa kiwanja kinatutosha sote kwa kuwa kiko wazi kutwa. Hebu tuhesabu jioni. Mechi kamili ni dakika 90. Weka mapumziko ya dakika 15, weka kupasha misuli moto, weka na muda wa kumsubiri kipa aliyesahau glovu, saa mbili zimekwisha. Kwa hiyo jioni moja ya siku ya kazi inabeba mechi moja, na wiki nzima ya kazi inabeba mechi tano. Jumuiya tatu jirani zikiwa na timu mbilimbili za watu wazima, jioni zimeshakwisha na hata mtoto mmoja hajagusa mpira. Kinachogawanywa ni zile saa. Makubaliano yasiyosema Jumatatu ya nani na Alhamisi ya nani, kwangu mimi, ni salamu za ujirani tu.

Wanaopakana na kiwanja hudai haki ya kwanza. Nawaelewa. Wao ndio wanaoangukiwa na mipira inayovuka ukuta, ndio wanaosikia kipyenga wakiwa mezani, ndio wanaokuta magari ya watu yameziba mlango wao. Lakini adha ya ukaribu itibiwe kwa kupunguza adha yenyewe. Wapewe kauli ya mwisho juu ya vipaza sauti, saa ya kuzima taa, mahali pa kuegesha magari na urefu wa wavu nyuma ya goli. Sioni kwa nini kelele ziwape jioni nne kati ya tano. Anayetoka mtaa wa tatu naye ana gharama yake: anakuja kwa miguu, anacheza, anarudi kwa miguu hiyohiyo.

Yupo mtumiaji mwingine asiye na mjumbe kikaoni, nao ni nyasi. Nenda ukachuchumae mbele ya goli la kiwanja kinachotumiwa kila siku. Utakuta sehemu anaposimama kipa pamekuwa upara, udongo umeshindiliwa mpaka kijiti hakiingii, na mvua ikinyesha maji yanatuama kama kwenye sinia. Sasa tembea hadi kwenye kibendera cha kona: nyasi nzuri, ndefu, hazina habari na mtu. Kiwanja huchakaa mbele ya magoli na pale katikati, kwingine hukawia. Na kinachokiua haraka zaidi ni njumu kwenye udongo uliolowa. Mechi moja ya ubishi siku ya mvua hukwangua nyasi zitakazohitaji wiki nyingi kurudi.

Dawa yake mojawapo haina gharama kubwa, na nashangaa ni wachache wanaoitumia. Sheria za mpira wa miguu haziagizi kipimo kimoja cha kiwanja. Zinakubali urefu wa kati ya mita 90 na 120, na upana wa kati ya mita 45 na 90, ukiacha mechi za kimataifa ambazo zina vipimo vyake. Maana yake, penye eneo la ziada, magoli na mistari vinaweza kusogezwa mita kadhaa kila msimu ili ule upara upate kupumzika. Tena kiwanja cha mita 100 kwa 64 ukikikata katikati unapata vipande viwili vya mita 64 kwa 50, na watoto wakacheza kwa upana, mechi mbili kwa wakati mmoja. Pembeni, uwanja wa voliboli unahitaji mita 18 kwa 9 tu, ukiongeza nafasi ya kukimbilia. Kabla ya kulia kwamba ardhi ni ndogo, chukueni futi kamba mkapime.

Magoli madogo ya kuhamishika, hata hivyo, yana hatari ambayo watu huichukulia kimzaha. Goli lisilofungwa chini likimwangukia mtoto anayening'inia huua, na limeshaua katika nchi kadhaa. Kwenye kiwanja cha jumuiya moja kuna mzee fulani anayelikumbuka. Kwenye kiwanja cha wengi kila timu inadhani timu nyingine italifunga. Timu ya mwisho kutoka ndiyo ilale na wajibu huo, na jina lake liwe limeandikwa kwenye ratiba.

Nikirudi kwenye ratiba, kasoro yake kubwa ni kwamba huandikwa na waliofika kikaoni. Timu ya wanaume ina mwenyekiti, mweka hazina na mtu wa kugonga meza. Wasichana wanaotaka kuanza kucheza bado si timu, kwa hiyo hawana wa kuwasemea. Watoto hawaalikwi. Wanaotembea kwa ajili ya afya hata hawajui kuna kikao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unautaja mchezo kuwa haki, katika kifungu cha 31, lakini kifungu hicho hakina sauti mbele ya nahodha aliyekwisha nunua jezi mpya. Ningeanza kujaza ratiba na hao wasio na timu, kwa saa zisizoazimwa hata kwa fainali, ndipo timu zigawane zinazobaki kwa zamu: mwezi huu wewe Ijumaa, mwezi ujao mimi.

Kuna wanaoamini kuwa rasilimali ya wengi lazima iharibike mpaka serikali iichukue au mtu mmoja aimiliki. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba watu huweza kuitunza wenyewe, iwe malisho, misitu au mifereji ya maji. Walioweza walikuwa na mipaka inayoeleweka, kanuni walizotunga watumiaji, wasimamizi wanaowajibika kwa watumiaji hao, na adhabu inayoanza ndogo ikapanda. Hiyo ya adhabu naipenda. Timu iliyocheza kwenye tope ionywe kwanza, ikirudia ipoteze jioni moja, halafu mwezi. Faini ya pesa naiogopa, kwa sababu timu yenye mfadhili italipa huku inacheka na kuendelea kukwangua nyasi.

Wengine wanasema tuanzishe kwanza bonanza la ujirani, upendo ukija ratiba itajiandika. Mimi nimeona mabonanza yakiisha kwa ngumi. Uwanja wa San Siro, kule Milano, Italia, umetumiwa na klabu mbili hasimu, Milan na Inter, pamoja tangu 1947, na sijasikia mtu akidai kwamba mashabiki wao wanapendana. Wanachohitaji ni kujua nani anacheza lini. Ukitaka watu wa mitaa miwili wazoeane, wape chokaa na kamba wapige mistari Jumamosi alfajiri. Ubishi wa kama kamba imenyooka ni mwepisi kuliko ubishi wa kuotea.

Limebaki suala la taa. Zinaongeza jioni, hilo halina mjadala, na kwenye nyasi bandia, zinazovumilia saa nyingi zaidi kuliko za asili, zinaweza karibu kumaliza foleni. Ila mwanga huohuo unaingia chumbani kwa jirani, na bili ya umeme inataka mwenyewe. Nakubali taa kwa masharti mawili: zielekezwe chini, na zizimwe kwa saa iliyokubaliwa, hata kama matokeo ni sare na penalti bado. Saa ya mwisho kabla ya kuzimwa wapewe maveterani, nami nikiwa mmoja wao. Watoto watakuwa wameshalala, na magoti yetu yanauma vilevile saa yoyote.