Pink Moon na tuhuma ya "haina besi"

Mtu wa Dar es Salaam aliyekulia kwenye muziki wa dansi, ukimpigia albamu ya Pink Moon, swali lake la kwanza ni bendi iko wapi. Albamu hiyo ya Mwingereza Nick Drake ilitoka Februari 1972: nyimbo 11, dakika 28 na ushee, sauti moja na gitaa kavu. Hukumu hutoka haraka. Hii ni demo, kazi haijaisha, halafu haina besi.

Ningekubali kama angekuwa hajui kufanya vingine. Lakini Bryter Layter, albamu yake ya 1971, imejaa besi, dramu, vinanda na vyombo vya kupuliza. Oktoba mwaka huohuo akaingia studio ya Sound Techniques, London, yeye na fundi mitambo John Wood tu, na mikesha miwili ikatosha. Chombo pekee kilichoongezwa juu ya gitaa ni piano, tena kwenye wimbo mmoja, ule uliobeba jina la albamu. Noti chache, basi. Piano hiyo ndiyo inayonifanya nibishe. Aliipiga mwenyewe, kwa hiyo uwezo alikuwa nao, na nyimbo kumi zilizobaki zilikuwa palepale zikisubiri. Hakuzigusa. Mtu aliyechoka huachia kazi popote ilipofika. Huyu alichagua mahali.

Wapo wanaosema ukavu huo ni sonona tu inayosikika. Kweli aliugua, na alifariki 1974 akiwa na miaka 26. Ila mgonjwa gani aliyekata tamaa anahangaika kutyuni nyuzi namna ile? Wa chini kabisa ameushusha chini ya kawaida, kwa hiyo dole gumba linapougonga unavuma muda mrefu huku vidole vingine vikikimbia juu yake. Besi ndiyo hiyo. Na mtu wa dansi, aliyefunzwa na bendi ya Sikinde kutenganisha gitaa la solo na la rithim, ana masikio ya kuinasa kuliko wengi. Ajaribu tu mahali penye utulivu, maana ndani ya daladala ya Mbagala haisikiki hata kidogo, hilo sibishi.

Hoja nzito ya upande wa pili naiona kwenye tumbo. Bendi hulisha mpiga tumba, mpiga besi na wapuliza tarumbeta. Albamu ya mtu mmoja humlisha mmoja. Mwanamuziki wa hapa akiiga Drake, wenzake watakula wapi? Swali ni halali. Lakini nyimbo nyingi zinazotikisa mji leo zimetengenezwa na prodyuza mmoja mbele ya kompyuta, besi na dramu zote zikitoka humo humo. Huyo hatumwambii kazi yake haijaisha, na mpiga dramu hakuitwa studio vilevile.