Dawa ya kuongeza kinga, mnaongeza ipi jamani?

Juzi tupo kwenye kosta ya Mbalizi kwenda Mwanjelwa, kainuka jamaa na chupa zake, eti dawa ya kuongeza kinga, inatibu kansa, vidonda vya tumbo, na nguvu za kiume (hiyo haijawahi kukosa). Elfu 35. Mama mdogo ana kansa ya shingo ya kizazi, kakaa pembeni yangu, nikamwona anafungua mkoba.

Niliumia, maana jamaa anaongea kama vile kinga ni maji ya simtanki, yakipungua unajaza. Mliopita mteremko wa Kitonga mnajua, lori halifiki chini salama kwa ukubwa wa injini, ni breki. Na mwili una breki zake, molekuli za kuzipoza seli za kinga zisije zikatugeuka wenyewe. Moja inaitwa HLA-G. Mtoto tumboni nusu yake ni baba, kwa kinga ya mama huyo ni mgeni wa kufukuzwa, lakini kondo la nyuma linatoa HLA-G, walinzi wakikutana nayo wanapoa, mimba inakua. Nilivyolisoma hilo nilikaa kimya kidogo. Sasa kansa nyingi nazo zinakanyaga breki hiyohiyo! Walinzi wapo ila wamepozwa, na kuna virusi navyo vinacheza mchezo huo. Ukiongeza walinzi wengine si nao watapozwa tu?

Halafu breki hatulingani. Kwenye mkia wa jeni ya HLA-G kuna kipande cha herufi 14 za DNA, huyu kakirithi yule hana, na kinagusa kiasi cha HLA-G anachotengeneza mtu. Nyie msibani mnasema ukoo umerogwa.

Haya, kula vizuri kunasaidia, sibishi. Na breki kweli zinaachiwa, wanasayansi Allison na Honjo walipata Nobel 2018 kwa kazi ya breki zingine mbili, CTLA-4 na PD-1. Ila hizo ni dripu za hospitali, na kuna wagonjwa kinga ikishaachiwa inavamia utumbo, ini, mpaka daktari akimbilie steroidi kuituliza. Chupa ya yule jamaa ingekuwa na nguvu hiyo tungeshaanza kuanguka kabla ya Iyunga.

Akanunua. Mama mdogo ni mama, utamnyang'anya mkoba? Nikamuuliza kama binti yake wa miaka 12 kashachoma chanjo ya HPV, kirusi chenyewe kinacholeta hiyo kansa, maana ni bure, dozi moja, wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Bado. Eti baba yake anasubiri aone wenzake kwanza.